Mvua Ilinyesha, Lakini Korongo Halikujaa

Utepe ulishuka kisimani taratibu, mita baada ya mita, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wameuzunguka mdomo wa bomba la chuma kana kwamba kuna kitu kitachomoza humo. Fundi aliyetupokea, kijana mwenye sare ya bluu iliyopauka magotini, alishika gurudumu la utepe kwa mkono wa kushoto na kuuachia kwa kidole gumba cha kulia. Kisha mlio mwembamba ukasikika kutoka ndani ya gurudumu: ncha ya utepe ilikuwa imegusa maji. Akaupandisha kidogo, mlio ukakatika. Akaushusha tena, ukalia. Alifanya hivyo mara tatu ndipo aliposoma namba, akaiandika kwenye daftari lenye jalada gumu, na pembeni yake akaandika saa.

Wanafunzi walitarajia zaidi. Tulikuwa Mzakwe, kwenye visima ambavyo kila mtu wa Dodoma anavitaja pale mabomba yanapokauka, na wao walidhani wataonyeshwa mitambo mikubwa inayounguruma. Walichoonyeshwa ni mtu mmoja, utepe mmoja na daftari.

Msichana mmoja aliyekuwa karibu na fundi alikuwa anasoma namba za kurasa zilizotangulia. Akauliza, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, "Kaka, mwaka jana mvua ilinyesha vizuri, nyumbani hata uwele tulivuna. Mbona maji ya leo yako chini kuliko ya mwaka jana?"

Fundi alifunga daftari, akaufuta utepe kwa kitambaa huku akiurudisha kwenye gurudumu.

"Mvua ilinyesha," alisema, "lakini korongo halikujaa."

Akasogea kwenye kisima kingine. Wanafunzi wakamfuata. Mimi nilibaki nyuma kidogo, maana nilijua kwamba sikuwa na uwezo wa kulieleza jibu lile kama wangenigeukia.

Mshale wangu wa ubaoni

Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na miwili. Kila mwaka huchora mzunguko wa maji ubaoni: wingu, mlima, mvua, mto, bahari, na mshale mmoja unaotoka kwenye uso wa nchi kwenda chini. Juu ya mshale huo huandika kwamba sehemu ya mvua hupenya ardhini na kuwa maji ya chini ya ardhi. Wanafunzi hunakili. Mtihani huuliza. Wao hujibu kama nilivyoandika, na hupata alama.

Mshale ule haukuwahi kuwa na kiasi. Haukuwahi kusema ni mvua ya namna gani, kwenye udongo upi, kwa muda gani. Kwa jinsi nilivyouchora, kila tone lina nafasi sawa ya kufika kwenye mwamba, na mwaka wenye mvua ya kutosha shamba ni mwaka wa kutosha kisima. Ndivyo msichana yule alivyokuwa amefundishwa, na aliyemfundisha ni mimi.

Wiki zilipita. Nilikuwa nikisahihisha madaftari, nikipika, nikisubiri daladala, na sentensi ile ya maneno matano ikawa inarudi.

Daftari la miaka 55

Nilianza na lile daftari, kwa sababu nilitaka kujua lilianza lini.

Kumbukumbu za kina cha maji kwenye bonde la Makutupora, ambamo visima vya Mzakwe vimo, zinaanzia mwaka 1955. Watumishi wa serikali, kwanza wale wa utawala wa kikoloni na baadaye wa wizara inayohusika na maji, waliendelea kushusha tepe zao kwenye visima vya pale wakati nchi ikipata uhuru, wakati jina la nchi likibadilika, wakati Dodoma ikitangazwa mwaka 1973 kuwa makao makuu yajayo na kisha kusubiri zaidi ya miaka arobaini serikali ihamie kweli. Ilipofika 2010, mfululizo ule ulikuwa na miaka 55. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Uingereza, miongoni mwao Lister Kongola wa upande wetu na Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, waliuchapisha pamoja na uchambuzi wake katika jarida kubwa la kisayansi la mabadiliko ya tabianchi. Katika Afrika yenye joto, kumbukumbu ndefu kiasi hicho za maji ya ardhini ni chache mno.

Mchoro wa namba zile hauna umbo nililolitarajia. Nilidhani nitaona mstari unaopanda kila kifuku na kushuka kila kiangazi, kama kifua cha mtu anayepumua. Badala yake mstari unateremka mwaka hadi mwaka, miaka mingi mfululizo, mvua inyeshe au isinyeshe sana. Halafu ghafla, ndani ya msimu mmoja, unaruka juu. Kisha unaanza tena kuteremka polepole hadi msimu mwingine wa namna hiyo utakapokuja, na hakuna aijuaye tarehe yake.

Zaidi ya nusu ya maji yote yaliyoingia ardhini pale kwa miaka 55 yaliingia katika misimu saba tu.

Nilisoma sentensi hiyo nikasimama, nikaenda kunywa maji.

Mruko mkubwa kuliko yote ni wa 1997/98, msimu wa El Niño ambao kila mtu mzima wa nchi hii anaukumbuka. Miaka mingi ya kawaida, ile ya milimita mia tano na kitu ambayo Dodoma huiita mwaka mzuri, haionekani kabisa kwenye mchoro. Mtama uliiva, mbuzi walinenepa, na mwamba haukupata chochote.

Ninachotaka kulisema waziwazi ni hili: ukweli huo usingeonekana kama daftari lingekuwa la miaka mitano, au kumi. Ulihitaji watu walioandika namba zilezile za kuchosha, mwezi baada ya mwezi, bila kujua kama wanachoandika kitamfaa mtu yeyote. Najaribu kumfikiria mtumishi wa mwaka 1974, kwa mfano, ambaye maji yalikuwa yakishuka sentimita chache chache na hakuna mkubwa aliyekuwa akiuliza. Angeweza kuandika namba ya mwezi uliopita akaenda nyumbani. Mtu wa namna hiyo hatajwi kwenye sherehe. Lakini jiji lenye watu 765,179, kwa sensa ya 2022, limeijua tabia ya chanzo chake cha maji kwa sababu yake na wenzake.

Debe lisilo na kitako

Nilikuwa nimeelewa umbo la mchoro, lakini sikuwa nimeelewa sababu. Kwa nini korongo? Kwa nini mvua inayonyesha juu ya hekari zote za bonde isipenye kila mahali?

Jumamosi moja niliwaita wanafunzi sita waliokubali kuja. Tulichukua debe la mafuta ya kula, tukalikata kitako na mdomo, likabaki kama bomba pana. Kwanza tulikwenda kwenye uwanja wa chini wa shule, penye udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi hupasuka hadi mkono ukaingia na kifuku huvua watu viatu. Tuliloanisha pale mahali tangu jana yake, kama mvua ya kwanza inavyofanya. Tukalididimiza debe kiasi cha viganja viwili, tukamimina ndoo moja ya maji, mwanafunzi mmoja akaweka alama kwa mkaa na mwingine akashika saa.

Dakika kumi. Dakika ishirini. Maji yalikuwa yametulia kama chai kwenye kikombe. Nyuki walikuja kunywa. Baada ya dakika arobaini yalikuwa yameshuka chini ya upana wa kidole, na jua la saa sita, naamini, lilikuwa limechukua sehemu yake.

Kisha tulibeba debe na madumu hadi kwenye korongo lililo nyuma ya shule, kama mwendo wa robo saa. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mweupe wa punje kubwa, na katikati yake nyayo za ng'ombe. Tukalididimiza debe, tukamimina ndoo ileile. Kijana wa saa hakuwahi kumaliza kusema "anza". Maji yalitoa sauti ya kufyonzwa, mchanga ukang'aa, ukapauka, na debe likawa tupu. Tukamimina ndoo ya pili. Ya tatu. Wanafunzi walianza kucheka kwa mshangao, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, linakunywa."

Ndiyo. Linakunywa.

Utafiti uliofuata pale Makutupora, uliochapishwa 2021 na ulioshirikisha watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulilinganisha kupanda kwa maji visimani na nyakati ambazo mto wa msimu wa Kinyasungwe Ndogo unatiririka, na ulionyesha jambo hilohilo kwa vipimo halisi. Mvua ya kawaida ikinyesha juu ya udongo wetu, inalowesha kiasi cha mizizi, na jua na mimea huirudisha karibu yote hewani kabla haijateremka. Inapokuwa mvua kubwa, ardhi hushindwa kuimeza, maji hukimbilia mabondeni, hukusanyika kwenye makorongo, nayo makorongo yenye vitanda vya mchanga huyameza kwa siku na majuma ambayo yanatiririka. Kadiri mto unavyotiririka kwa muda mrefu ndivyo kisima kinavyopanda.

Nilikumbuka pia kazi ya zamani zaidi. Kule Mpwapwa, katika miaka ya 1930, maofisa wa serikali ya kikoloni walipima maji yanayokimbia juu ya vipande vya ardhi vilivyotengwa: kwenye kipande kitupu kisicho na mmea, karibu nusu ya mvua ilikimbia na kubeba udongo, kwenye nyasi zilizofunga, mvua iliyokimbia ilikuwa kidogo sana. Kwa miaka mingi nimelitumia jambo hilo darasani kama somo la mmomonyoko peke yake. Sasa nalitazama kwa wasiwasi, kwa sababu linauliza swali ambalo sijalimaliza: kama maji ya kukimbia ndiyo yanayojaza korongo, je, kuotesha nyasi vilimani kunapunguza maji ya Mzakwe? Jibu ninaloweza kulitetea ni kwamba maji yenye matope huziba mchanga, na matope hayahayo yamejaza mabwawa ya mkoa huu. Bwawa la Ikowa ni mfano ambao watafiti wa mmomonyoko waliuandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilima chenye nyasi hupeleka maji korongoni pole pole na yakiwa safi. Lakini nakiri kwamba mizani yake ni ngumu kuliko nilivyokuwa nikiimba mbele ya darasa.

Mwaka ambao Mama hautaji bila kuguna

Nimekulia Hombolo. Wanaoijua wanajua kwamba Kinyasungwe Ndogo ikishatoka Makutupora huja kwetu, kwenye bwawa lililojengwa 1957.

Mwaka wa El Niño nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka mambo machache kwa uwazi mkubwa: choo chetu kilichotitia usiku, sauti yake kama mtu mzito anayekaa kwenye kiti, barabara ya kwenda mjini iliyokatika, na Mama akiwa amesimama mlangoni, khanga imelowa hadi kiunoni, akitazama mahali palipokuwa na kihenge cha uwele. Kihenge hakikuanguka. Kililowa kutoka chini, na nafaka ikaota ndani yake, mche mwembamba mweupe ukitokeza kwenye fito. Tulikula uji wa uwele ulioota kwa majuma, mchungu, hadi ukaisha.

Nilipompigia simu kumweleza nilichosoma, nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Nilimwambia kwamba mwaka ule ndio ulioingiza maji mengi zaidi ardhini kuliko mwaka wowote kati ya ile iliyopimwa, na kwamba maji yaliyotufikia Hombolo yalikuwa tayari yameacha sehemu yake Mzakwe, na kwamba watu wa jiji, pamoja na mimi mwanawe, tumeyanywa kwa miaka iliyofuata.

Alikaa kimya. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Kwa hiyo mlikunywa kihenge changu," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga vitu viwili mezani, kimoja upande huu na kingine upande ule, avitazame. Kisha akauliza kama nimekula.

Sikuweza kuendelea na furaha yangu baada ya hapo. Nilitambua kwamba ni rahisi kuliita gharika neema kama unalitazama kwenye mchoro, mstari ukiruka juu. Kila mruko ule una watu waliosimama mlangoni. Na bado mstari umeruka kweli, maji yaliingia kweli, na bila hayo sijui jiji hili lingekuwa wapi. Nimejaribu kuipata sentensi inayobeba yote mawili bila kulipunguza moja, na sijaipata.

Mpasuko uliotengeneza bakuli

Kuna jambo la tatu lililoongeza uzito. Kwa nini maji yakishaingia Makutupora yanakaa?

Mwamba wetu ni granaiti ya kale sana, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na granaiti nzima haina pa kuweka maji. Mtu yeyote aliyechimbiwa kisima kikavu Dodoma analijua hilo kwa mfuko wake. Makutupora ni tofauti kwa sababu tawi la mashariki la Bonde la Ufa linafika hadi huku kwetu: ardhi imepasuka, kipande kimedidimia kati ya mipasuko, mmojawapo ukiitwa wa Mlemu, mwamba umesagika na kuoza kwa muda mrefu hadi ukawa na vinyweleo, na juu yake zimelala tabaka za mchanga na udongo. Hilo ndilo bakuli. Kama ardhi ya hapa isingepasuka, Mzakwe ingekuwa mahali pa kupita tu.

Mipasuko ya aina hiyo haijafa. Tarehe 4 Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa 5.5 lilitokea kusini mwa Haneti, likasikika hadi mjini ambako Bunge lilikuwa na kikao. Mwaka 2008 Athanas Macheyeki na wenzake walichapisha uchunguzi wa mipasuko hai ya eneo la Dodoma, wakiitaja kwa majina, na wakaonya kwamba inaweza kuzaa tetemeko kubwa kuliko hilo. Nilisoma majina: Bubu, Saranda, Balangida. Halafu Hombolo.

Jina la kwetu lilikuwa kwenye orodha. Taasisi ya Jiolojia, ambayo mizizi yake ni idara iliyoanzishwa 1925, ipo hapahapa Dodoma, na nimepita mbele ya majengo yake mara zisizohesabika nikielekea sokoni. Kwenye mtaala wangu, tetemeko ni mada ya muhula mmoja na maji ni ya muhula mwingine. Wanafunzi wangu hawajawahi kuambiwa kwamba ardhi inayoweza kuwatikisa ndiyo inayowashikia maji.

Katesh

Nilifika mahali nikataka kuacha kuandika makala hii, na sababu yake ni Hanang.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, katika msimu mwingine wa El Niño, sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa na miamba dhaifu ililegea kwa maji ya mvua ikateremka. Tope, mawe na magogo vilifika Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mwalimu mwenzangu ana ndugu huko, na nilimwona wiki ile akijaribu kusahihisha mitihani huku simu ikiwa mbele yake, akiitazama zaidi ya karatasi.

Je, ninaweza kumwambia yeye kwamba misimu mikubwa ndiyo inayotujaza? Sijamwambia. Ni kweli kwamba Hanang si Makutupora, kwamba mteremko mkali wa mlima wa volkano ya zamani si sawa na bonde la mchanga, na kwamba mvua ileile hufanya kazi tofauti mahali tofauti. Ni kwa ajili hiyohiyo tunahitaji watu wa kupima: ili ijulikane ni mteremko upi usijengewe na ni korongo lipi liachiwe njia. Wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, na kwamba mvua kali zinatarajiwa kuwa kali zaidi. Visima vya Mzakwe vinaweza kunufaika na hilo. Mitaa inaweza kulia kwa hilo. Msimu mmoja unaweza kufanya yote mawili juma moja.

Nilichokipata katika majuma yale ya kusitasita ni kwamba maji ya gharika hayana mjadala nasi. Yatakuja. Tunachoamua sisi ni kama yatakuta njia.

Bikoni nne

Mwaka wa tatu sasa nilinunua kiwanja kupitia kampuni moja ya upimaji, upande wa kaskazini wa jiji. Nilikilipia kwa awamu kumi na nane. Kina bikoni nne, namba zake ninazikumbuka kama namba ya simu yangu, na hati iko njiani.

Jioni moja baada ya lile jaribio la debe nilikwenda kukitazama. Nilikuwa nimekwenda mara nyingi, lakini kila mara nilitazama bikoni. Safari hii nilitazama ardhi. Kati ya bikoni ya pili na ya tatu kuna ukanda wa mchanga mweupe wa punje kubwa, upana wa hatua kama kumi na nne, unaoingia upande mmoja wa kiwanja na kutokea upande wa pili. Pembeni yake kuna migunga mitatu iliyojipanga mstari, mizizi yake imeachwa wazi upande mmoja tu, upande wa chini. Kwenye shina la mmoja, juu kidogo ya goti langu, majani makavu na mfuko wa plastiki vilikuwa vimenasa kwa namna ambayo upepo haunasishi vitu.

Nilichuchumaa, nikachimba kwa mkono. Kwenye kina cha kiwiko mchanga ulikuwa na ubaridi.

Kiwanja changu ni korongo. Ni dogo, halina jina kwenye ramani niliyopewa, lakini linaelekea kwenye Kinyasungwe Ndogo, na nilipofuata ukanda ule kwa macho kwenda chini niliona nyumba mbili zimekwisha kusimama juu yake, na ya tatu msingi umejaa. Mita mia moja juu yangu, tipa mbili zilikuwa zikipakia mchanga. Madereva walinisalimia vizuri. Mchanga ule unakwenda kwenye majengo ya jiji hilihili linalokunywa Mzakwe, jiji ambalo kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 lilitoka watu 410,956 hadi idadi niliyoitaja hapo juu. Siwalaumu wale vijana. Wana tripu za kuhesabu. Niliwatazama tu wakichota ule mchanga koleo kwa koleo, na masikioni nikasikia sauti ya debe letu.

Nilikuwa nimekwisha kuagiza kifusi. Tripu ishirini, za kuinua kiwanja kabla ya kifuku ili msingi uanze mwezi wa kumi. Nilikuwa nimetoa na malipo ya mwanzo. Kwa majuma mawili nilijishawishi kwa hoja ambazo mtu yeyote angeziona kuwa za busara: kwamba kiwanja kimoja hakiwezi kulizuia gharika wala kulikausha bonde, kwamba wenzangu wamekwisha kujenga, kwamba kibali kimetolewa na watu wanaojua kazi yao, kwamba nina watoto wawili na kodi ya nyumba inapanda. Hoja hizo zote bado ninaziona ni za kweli. Naamini pia kwamba kila aliyejenga juu ya ukanda ule alikuwa nazo.

Kampuni niliiandikia. Walinijibu kwamba upimaji ulifanyika kwa kufuata taratibu, na kwamba wakati wa upimaji eneo lilikuwa kavu.

Ilikuwa Agosti. Bila shaka lilikuwa kavu.

Jana usiku nilimpigia dereva wa kifusi. Nilimwomba asilete. Alikuwa muungwana sana kuhusu malipo. Alisema atanirudishia nusu na nusu itakaa kwake mpaka nitakapokuwa na kazi nyingine.

"Umepata kiwanja kingine, Mwalimu?" aliuliza.

"Sijapata, kaka."

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake injini ya lori ilikuwa inaunguruma.

"Basi kile cha kule unakifanyaje?"

Nikamwambia kwamba kwa kifuku hiki nataka kwenda kukaa chini ya ile migunga, nione maji yanapita saa ngapi.